Kuomba nafasi katika Fakulte ya Udaktari wa Mifugo, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Swali: Wakubwa, nawasalimu. Mdogo wangu wa kike amepata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari, sehemu ya biolojia na kemia, naye anataka kuingia Udaktari wa Mifugo hapa Lubumbashi. Jamaa wanamsukuma aende udaktari wa watu. Katika barua yake aeleze nini, isidhaniwe kwamba amekimbilia huko kwa kukosa nafasi kwingine?

Jibu la 1: Ndugu, aeleze kazi yenyewe. Kichaa cha mbwa, kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe huhama kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu, na nyama na samaki wanaoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wanahitaji mkaguzi aliyesoma. Kwa hiyo anayechagua njia hii anatunza afya ya watu pia. Sentensi za kuusifu Chuo Kikuu, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1955, hazitamsaidia, kwa sababu zingefaa kwa fakulte yoyote.

Jibu la 2: Naunga mkono. Barua aiandike kwa Kifaransa safi, na orodha ya hati aichukue kwenye sekretarieti ya fakulte yenyewe, si kwa wapita njia wa getini. Kabla ya hapo aende machinjioni au kwa mfugaji, aone damu na samadi kwa macho yake.

Muulizaji: Asanteni sana, wakubwa. Kuna mjomba wetu anayefuga nguruwe njia ya Kipushi. Nitampeleka huko kwanza.