Kifaa cha kupimia hewa kinapanda asubuhi za Julai: ni moshi au ni ukungu?

Mpangaji wa Umoja
Habari zenu wanajukwaa. Tangu Mei nimefunga kifaa kidogo cha kupimia hewa kwenye roshani yangu, ghorofa ya nne, hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Mchana huonyesha chembe laini za PM2.5 (zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5) kati ya mikrogramu 15 na 25 kwa kila mita ya ujazo, lakini baridi ya Julai ilipoanza, saa kumi na mbili asubuhi hufika 90, ilhali sisikii harufu ya moshi. Naona ukungu tu, na matone ya maji kwenye vyuma vya roshani. Jua likichomoza vizuri, kama saa nne hivi, hesabu hushuka. Je, kifaa kinanidanganya?

Fundi Mitambo
Matone hayo ni sehemu ya jibu. Ndani ya kifaa cha aina hiyo mna feni inayovuta hewa na mwali wa leza unaoimulika. Kinachopimwa si uzito wa chembe bali mwanga unaotawanyika zinapopita, na uzito hukadiriwa tu kutokana na mwanga huo. Unyevu unapozidi asilimia 80 hivi, chembe nyingi hunyonya maji na kuvimba, na kifaa huyahesabu maji hayo kama uchafu. Mitambo ya bei kubwa huipasha hewa joto ili ikauke kwanza, au hunasa chembe kwenye chujio ambalo hupimwa uzito maabara. Hebu tazama kumbukumbu zako za unyevu.

Mwalimu wa Jiografia
Nakubaliana na Fundi, ila tusiutwike ukungu lawama zote. Usiku wa baridi ardhi hupoteza joto, hewa iliyoigusa ikapoa kuliko ile ya juu yake, na hewa hiyo vuguvugu ikakaa kama kawa juu ya sahani: moshi wa matatu za alfajiri, majiko ya makaa na taka zinazochomwa hauna pa kwenda mpaka jua liipashe ardhi. Tena, kiwango cha mikrogramu 15 kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ni wastani wa saa 24. Watu hukilinganisha na saa moja ya asubuhi, kisha wakatangaza maafa.

Mtazama Mawingu
Dawa ni kukiweka kifaa kando ya mtambo wa rejea, yaani ule wa bei kubwa unaoaminika, kwa wiki kadhaa, katika unyevu wa kila namna, ndipo upate kanuni ya kusahihisha. Kupima hewa ni kazi ya subira: pale Dagoretti Corner, Idara ya Hali ya Hewa imekuwa ikirusha puto la kupima ozoni kila wiki tangu 1996, na kituo chake cha Mlima Kenya kiliwekwa mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, mbali na moshi wa mjini. Kwa hiyo usifute takwimu ghafi hata zikionekana za ajabu. Kanuni ikipatikana, utaweza kuzisahihisha zote.

Mpangaji wa Umoja
Ahsanteni sana. Nimezikagua: asubuhi zile za 90, unyevu ulikuwa asilimia 94 na zaidi. Hata hivyo, Jumanne saa mbili usiku unyevu ulikuwa 66 tu na hesabu ikafika 70. Nilipochungulia chini nikamwona mlinzi anaota moto wa mbao zilizopakwa rangi, na moshi wake unapanda moja kwa moja hadi roshani yangu.