MALALAMIKO: Zana za uokoaji zimewekwa ndani ya diski ileile inayokufa

Ndugu wanajamvi,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Diski kuu ya kompyuta yangu mpakato imeharibika. Hilo peke yake silalamikii, kwa kuwa kila chombo kina siku yake. Ninalolalamikia ni kwamba mtengenezaji, ambaye anajua fika kuwa diski huharibika, ameiweka sehemu ya uokoaji, yaani ile inayobeba nakala ya mfumo endeshi pamoja na draiva zote (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa vya kompyuta), ndani ya diski hiyohiyo. Mwongozo wa mtumiaji unaelekeza kwamba ukipata tatizo, ubonyeze kitufe fulani wakati wa kuwasha ili kompyuta irudi katika hali ya kiwandani. Unabonyeza na hakuna kinachoitikia, kwa sababu kilichopaswa kuitikia kimekwenda na diski. Programu ya kutengenezea flashi ya uokoaji ipo, lakini imo ndani ya Windows, na Windows imo ndani ya diski. Nilipowasiliana na huduma kwa wateja nikaeleza yote haya, nilijibiwa kwamba nifungue programu ya uokoaji iliyomo kwenye kompyuta.

Kununua diski nyingine kungekuwa jambo jepesi laiti mwongozo ungesema ni diski ya aina gani inayotakiwa. Diski za M.2, yaani zile nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao wa kompyuta, kwa kawaida zina upana wa milimita 22, ila urefu hutofautiana: zipo za milimita 80, za 42 na za 30, na zile za SATA zinafanana mno na zile za NVMe (hizi ni njia mbili tofauti za diski kuwasiliana na kompyuta) ilhali haziwezi kubadilishana nafasi kwenye kila mashine. Mwongozo unasema tu kwamba kompyuta ina "hifadhi ya kasi". Ilinibidi nifungue kifuniko na kusoma maandishi kwenye diski iliyokufa ndipo nikajua.

Flashi ya GB 8 inatosha kubeba kisakinishi cha Windows, na kukipakua hakuna malipo. Mpaka hapo sina neno. Ghadhabu yangu inaanzia pale unapotakiwa kuchagua diski ya kusakinishia, kwa sababu orodha hiyo ilikuwa tupu. Diski mpya ilikuwa imekaa sawasawa na BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, ilikuwa ikiitambua kwa jina na ukubwa wake, lakini kisakinishi kilishikilia kwamba hakuna diski yoyote. Mtu asiyeujua mchezo huu ataamini kwamba ameuziwa diski mbovu, ataifungua tena mashine, ataichomoa na kuichomeka upya, na mwisho atairudisha kwa muuzaji, kumbe diski ni nzima. Kinachotokea ni kwamba katika kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea, diski za NVMe hupitishwa chini ya kidhibiti kiitwacho VMD, na kisakinishi kisipokuwa na draiva ya kidhibiti hicho hakiwezi kuona kilicho nyuma yake. Kwenye baadhi ya mashine VMD inaweza kuzimwa katika BIOS. Kwenye mashine yangu chaguo hilo limefichwa.

Draiva hiyo ipo kwenye tovuti ya mtengenezaji, na hapa ndipo ninapotaka mnisome kwa makini. Imefungwa katika faili la .exe, ambalo ili lifunguke linahitaji Windows inayofanya kazi, ilhali kisakinishi kinataka folda iliyo wazi yenye faili la .inf, yaani lile linalokieleza namna ya kuipakia draiva. Kwa maneno mengine, draiva inayohitajika pale tu Windows inapokuwa haipo imehifadhiwa katika umbo ambalo halifunguki bila Windows. Mwenye kompyuta iliyokufa analazimika kutafuta kompyuta nyingine nzima, akifungue kifurushi humo, ainakili folda kwenye flashi, kisha arudi kwenye kisakinishi na kuipakia draiva kwa mkono. Aliyeamua hivi hakuwahi kukaa mbele ya mashine isiyo na diski, au alikaa akapuuza.

Ukishavuka kikwazo hicho unakutana na ndugu yake. Windows 11 inadai intaneti kabla haijakuruhusu kumaliza usanidi, kisakinishi hakina draiva ya kadi ya Wi-Fi ya mashine hii, na mashine yenyewe, kwa kutafuta wembamba, haina tundu la kebo ya mtandao. Kilichoniokoa ni simu niliyoiunganisha kwa kebo ya USB na kugawa intaneti yake. Ninalitaja hili ili lisaidie mwingine, wala si kwa kulikubali.

Kuhusu leseni, msikubali kuambiwa mnunue nyingine. Tangu enzi za Windows 8, kompyuta zinazouzwa zikiwa na Windows huhifadhi ufunguo wa leseni ndani ya UEFI (BIOS ya kisasa) kwenye ubao mama, hivyo kubadilisha diski hakuiui leseni, na kisakinishi huusoma ufunguo huo chenyewe. Mwongozo uko kimya kabisa kuhusu jambo hili, na kimya hicho kinawanufaisha wanaouza leseni zisizohitajika.

Lililoniuma kuliko yote ni data. Diski yangu ya zamani ilikuwa bado inasomeka kwa kusuasua, lakini nilipoichomeka kwenye kompyuta nyingine iliomba ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Kwenye mashine nyingi usimbaji wa diski, yaani kuifunga data isisomeke bila ufunguo, huwashwa wenyewe mtu anapoingia kwa akaunti yake ya Microsoft mara ya kwanza, na ufunguo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo. Wangu niliukuta huko, nikanusuru mafaili niliyoweza. Sipingi usimbaji, kwa kuwa unamlinda mtu aliyeibiwa. Napinga mtu kufungiwa mali yake bila kuambiwa bayana kwamba imefungwa na ufunguo uko wapi.

Wala wasituambie kwamba haiwezekani kufanya vinginevyo. Kompyuta za Mac zenye prosesa za Intel, kuanzia zile za katikati ya 2011, zinaweza kupakua mfumo kutoka intaneti hata diski ikiwa tupu, kwa sababu uwezo huo umewekwa nje ya diski. Dell nao wana BIOSConnect kwenye baadhi ya mashine zao, inayofanya kazi kama hiyo kupitia BIOS. Kwa hiyo ninachodai si muujiza: uokoaji uwekwe nje ya diski au flashi itiwe sandukuni, draiva za diski na za Wi-Fi zitolewe kama folda zilizo wazi, na mwongozo utaje aina ya diski pamoja na mahali leseni na ufunguo wa usimbaji vilipo. Madai haya nimeyaandika na kuyatuma kwa mtengenezaji, na jibu lake nitaliweka hapa neno kwa neno. Wakati nikilisubiri, mwenye mashine inayotimiza hata mojawapo ya haya naomba aitaje modeli yake, kwa sababu kompyuta yangu ijayo nitaichagua kwa kigezo hicho kabla ya kuangalia kingine chochote.