Kimelea cha malaria kinaishi kwa sukari. Mbona hatuna dawa ya kukikatia?

Sista wa Kagera
Habari za jioni wote. Niko wodi ya watoto. Mtoto akiletwa na degedege, malaria imeshathibitika, tunapima sukari hapohapo, na ikiwa chini anawekewa glukosi ya mshipa wakati artesuneti, dawa ya sindano ya jamii ya artemisinini, inachanganywa. Chuoni tuliambiwa kimelea nacho kinaila hiyo sukari. Sasa kama kinaitegemea kiasi hicho, kwa nini hakuna dawa ya kukifungia? Na hao watafiti wanaotafuta shabaha mpya za dawa wanatafuta nini hasa? Habari za usugu wa artemisinini huku kwetu zinanitia hofu.

Mwalimu wa Baiokemia, Moshi
Sista, pole na kazi. Ulichofundishwa ni kweli. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu hakina akiba ya nishati; kinavunja glukosi mfululizo na kutoa asidi laktiki, ambayo inachangia ile hali ya mtoto kuhema kwa nguvu na kwa kina. Sukari inaingia kwa protini iitwayo PfHT1. Umbo lake lilichapishwa mwaka 2020, na kemikali za kuiziba zinatafutwa. Tatizo ni kwamba ubongo wa mtoto huyohuyo unapata glukosi kwa protini ya jamii moja na hiyo, GLUT1. Dawa isiyobagua kati ya hizo mbili hatuwezi kumpa mgonjwa.

Kwa hiyo tunatafuta kitu ambacho kimelea hakiwezi kukikosa na mtu anaweza. Mimi moyo wangu uko kwenye apikoplasti. Zamani sana mababu wa kimelea walimeza mwani mwekundu, ukabaki ndani yao. Mabaki yake yamo mpaka leo, yana tabaka 4 za utando na DNA yake yenyewe. Usanisinuru yameusahau, kazi nyingine yanafanya. Binadamu hana kitu hicho. Antibiotiki za doksisaiklini na klindamaisini hupiga hapo, ila polepole: kimelea kilichopata dawa leo kinazaliana kama kawaida, kinachokufa ni kizazi kinachofuata. Mtoto wa degedege hawezi kusubiri hivyo.

Mwaka 2011 Yeh na DeRisi, huko California, walionyesha kwamba vimelea vya kwenye damu vikipewa kemikali moja tu, IPP, ambayo kwa kawaida apikoplasti ndiyo huvitengenezea, vinaishi bila apikoplasti kabisa. Dawa ya fosmidomaisini inazuia njia hiyo ya kutengeneza IPP. Tulifurahi sana. Lakini dawa hiyo inatoka mwilini haraka, na Msumbiji ilipojaribiwa pamoja na klindamaisini kwa watoto wa chini ya miaka 3, waliopona hawakufika nusu. Matokeo yale yaliniuma, kwa sababu wazo lenyewe bado naliamini.

Halafu kuna DHODH, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza pirimidini, malighafi ya DNA. Sisi tunaweza kutengeneza pirimidini au kutumia tena zilizopo. Kimelea lazima kijitengenezee. Dawa ya majaribio DSM265 iliundwa kuzuia kimeng'enya hicho. Peru wakaijaribu, na baadhi ya wagonjwa vimelea viliporudi vilikuwa na badiliko kwenye jeni ya kimeng'enya hichohicho. SP (sulfadoksini na pirimethamini) ilitufanyia vivyo hivyo: Tanzania iliifanya dawa ya chaguo la kwanza mwaka 2001, mwaka 2006 ALu, yaani artemeta na lumefantrini, ikashika nafasi yake.

Mtu wa Maabara, Bukoba
Niongeze la kwenye darubini. Kwenye slaidi ya damu iliyotiwa rangi ya Giemsa, kimelea kilichokomaa kina doa la kahawia iliyokolea. Hiyo ni hemozoini. Kimelea kinakula himoglobini, inabaki hemu ambayo ni sumu kwake, nacho kinaigeuza fuwele. Klorokwini ilizuia kazi hiyo. Hemu haitoki kwenye jeni za kimelea, kwa hiyo hakina jinsi ya kuibadilisha. Naona hilo lina uzito kuliko vimeng'enya vyote alivyotaja Mwalimu.

Mwalimu wa Baiokemia, Moshi
Nakubaliana nawe kabisa. Usugu wa klorokwini ulipokuja haukugusa hemu: protini ya PfCRT ilibadilika, ikawa inaitoa dawa mahali inapofanyia kazi. Shabaha ile ingali hai.

Sista wa Kagera
Na hii R561H tunayoambiwa?

Mwalimu wa Baiokemia, Moshi
Ni badiliko la usugu wa artemisinini, kwenye jeni ya kelch13 ya kimelea. Taarifa zake zilitoka Rwanda mwaka 2020, baadaye likathibitishwa Kagera. Nalo linahusu kula. Artemisinini inaamshwa na hemu. Kelch13 husaidia kimelea kichanga kuvuta himoglobini. Ikiharibika kinakula kidogo, hemu inapungua, dawa haiamki vizuri. Kinastahimili njaa ile mpaka artemisinini iishe kwenye damu, na hiyo haichukui muda mrefu. Anayekuja kukimaliza ni lumefantrini. Ndiyo maana nakusihi: mtoto akizinduka baada ya sindano, hakikisha anapata ALu yake kamili ya siku 3, na mama aelewe kuwa kumeza na chakula chenye mafuta, hata maziwa, kunasaidia lumefantrini kuingia mwilini.

Kwa malaria kali unayoiona wewe, mimi nafuatilia dawa mpya, cipargamin. Inazuia PfATP4, pampu ambayo kimelea hutumia kutoa sodiamu nje, nayo inajaribiwa kama dawa ya mshipa. Pampu hiyo nayo ina jeni inayoweza kubadilika, kwa hiyo wasije wakaitoa bila dawa mwenza.