Naomba ushauri: panya wamebadilika baada ya kubadilishana zamu

Habarini wakuu. Napima woga wa panya wadogo wa maabara, baadhi wamepewa dawa na baadhi maji tu, kwa kile kifaa cha umbo la msalaba kilichoinuliwa, njia mbili zina kuta, mbili ziko wazi. Wiki ya kwanza nilifanya mwenyewe, matokeo yakatulia. Wiki ya pili mwenzangu akanipokea na panya wengine wa umri uleule. Wote wakajibanza ndani ya kuta, vinyesi kila kona, nje hawatoi hata pua!

Kumbe yeye huwanyanyua kwa mkia. Mimi huwaacha waingie wenyewe kwenye bomba. Najua mkia huwazidishia woga. Halafu yeye mwanamume, mimi mwanamke, na tangu 2014 imeripotiwa kuwa hata harufu ya mwanamume huwatia msongo. Sasa nilaumu kipi?

Taa hatujagusa, kifaa tunakifuta kwa spiriti kila baada ya panya mmoja, na anayehesabu kwenye video hajui panya yupi kapewa dawa.

Data za wiki ya pili nizitupe? Dawa na maji tuligawa sawa kila wiki, ila athari ya wiki na ya mtu anayewashika panya siwezi kuzitenganisha. Na nyie mnawazoesha mikono siku ngapi kabla ya jaribio?