Ushauri: tasnifu ya T Coronae Borealis kwa darubini ndogo, inawezekana?

MwanaMbarara: Wakuu, habari za jioni. Nasoma fizikia hapa Mbarara na nataka tasnifu juu ya nyota pacha za simbiotiki, hasa T CrB, ile iliyolipuka 1866 na 1946. Yaani nyota mbili zinazozungukana: jitu jekundu (nyota kubwa iliyovimba) linamwagia gesi kibete cheupe (masalia madogo ya nyota). Nina darubini ya inchi 8, kamera, na Star Analyser 100, kile kioo cha kutawanya mwanga wa nyota kuwa spektra (mstari wa rangi zake). Nataka nipime kasi ya jitu likizunguka, nipate zile siku zake 227 na ushee za mzunguko mmoja. Msimamizi karidhia, ila astronomia si fani yake. Mnasemaje?

Spektra_Arua: Kasi hutaipata, ndugu yangu. Kifaa hicho uwezo wake wa kutenganisha rangi ni kama 100 tu. Gawanya kasi ya mwanga kwa 100: kilomita 3,000 kwa sekunde, hicho ndicho kipimo kidogo kinachoweza kutenganisha. Jitu lenyewe linayumba kwa kilomita 24 hivi kwa sekunde. Ni kupima unene wa unywele kwa rula ya shule. Pima nguvu ya mstari wa haidrojeni, nanomita 656.3; huo hupanda na kushuka kadiri kibete kinavyopokea gesi. Mikanda ya oksidi ya titani ya jitu nayo utaiona bila shida.

MwanaMbarara: Na ule mstari wa oksijeni wa nanomita 682.5?

Spektra_Arua: Tafuta kwa Z Andromedae, simbiotiki nyingine. AG Draconis nayo inao, lakini huko Mbarara haipandi zaidi ya nyuzi 23 hivi juu ya upeo wa macho, humo kwenye moshi wa nyasi zinazochomwa. Achana nayo.

DadaWaJinja: Arua, usimfungie mlango mdogo wetu. Kasi ataipata kwa data za wengine! Kundi la ARAS, wapenzi wa anga wengi wao wa Ulaya, wameweka wazi spektra za simbiotiki, nyingine zina uwezo unaozidi 10,000. Pakua, panga kwa tarehe, chora mkunjo wa kasi. Darubini yako ifuatilie 656.3, Juni hadi Agosti: kiangazi, na T CrB jioni iko juu. Kila usiku piga picha na nyota angavu ya Vega kwa mpangilio uleule, mistari yake ya haidrojeni ikupe vipimo vya mawimbi. Ukiiruka hiyo, mtahini atakumaliza.

MwanaMbarara: Asante dada, asante mkuu. Nabadilisha pendekezo. Spektra ya Vega nitaiweka hapa mnikosoe.

Spektra_Arua: Weka faili ghafi. Picha ya skrini uliyopiga kwa simu sitaifungua.