Barafu ya Alaska kwa boti, siku moja na familia: Whittier au Seward?

Baba_Wawili
Habari zenu wakuu. Mwezi wa saba tutakuwa Anchorage watu watano: mimi na mke wangu, watoto wa miaka 4 na 9, na mama anayekuja kututembelea kutoka Tanga. Tuna siku moja tu ya kupanda boti tuone barafu inayoshuka mlimani hadi baharini. Mama magoti yanamsumbua, na yule mdogo hutapika hata kwenye basi. Twende bandari ya Whittier au ya Seward? Na tuvae nini?

Nahodha Mkavu
Whittier, kwa sababu ya bahari. Ukitokea Whittier boti inabaki ndani ya Prince William Sound, maji yaliyokingwa na milima na visiwa. Safari ya nusu siku huingia Blackstone Bay, ambako mito ya barafu ya Blackstone na Beloit inaishia majini kabisa. Seward ni habari nyingine: kufika barafu za Aialik au Holgate lazima boti itoke ghubani na kuzunguka rasi, na hapo inakutana na mawimbi ya bahari kuu. Safari inachukua saa 6 au zaidi. Huyo mtoto atateseka. Zile safari fupi za Seward hazifiki kwenye barafu inayogusa bahari, kwa hiyo soma tiketi inataja barafu gani kwa jina.

Mama Swaumu
Kinachoharibu siku ya Whittier ni handaki la kuingilia mjini, wala si bahari. Lina urefu wa kilomita 4 na njia moja tu, inayotumiwa na magari ya pande zote mbili pamoja na treni. Kwa hiyo wanapokezana: kuingia Whittier ni kila ifikapo nusu saa (tatu na nusu, nne na nusu), kutoka ni saa kamili. Ukichelewa dakika chache unakaa foleni hadi zamu ijayo, na boti haikungoji. Boti ikiondoka saa 6:30 mchana, lenga zamu ya saa 4:30, maana yake muwe mmeondoka Anchorage kabla ya saa tatu asubuhi. Ushuru unalipwa wakati wa kuingia tu. Mshushe mama karibu na gati kwanza, ndipo ukatafute maegesho.

fundi_baridi
Nguo: julai isikudanganye. Upepo unaoteremka kutoka juu ya barafu ni wa friji, na Whittier mvua ni jambo la kawaida. Kila mtu avae sweta la sufu, juu yake koti lisilopitisha maji, kofia na glavu. Mama avae suruali ya joto chini ya dera, na viatu visivyoteleza; sitaha huwa imelowa. Mtafutie kiti cha chini, katikati ya boti, karibu na dirisha. Katikati ndipo boti inapoyumba kidogo, kwa hiyo mtoto naye akae hapohapo, aangalie mbali, asishike simu. Dawa ya kuzuia kutapika hunywewa kabla ya kupanda. Akishaanza kutapika haisaidii. Kipimo cha mtoto wa miaka 4 muulize mfamasia.

Baba_Wawili
Asanteni sana. Boti inaisogelea barafu kiasi gani? Na tutaona barafu ikimeguka?

Nahodha Mkavu
Tegemea mita mia kadhaa, kwa usalama. Kipande kikianguka kinainua wimbi, na kuna vipande vinavyokatika chini ya maji na kuibuka ghafla mbele ya ukuta. Kumeguka hakuna ratiba. Ukiwa mita 400, mlio unakufikia zaidi ya sekunde moja baada ya tukio, kwa hiyo anayesubiri kusikia ndipo awashe kamera anarekodi mapovu. Chagua sehemu moja yenye nyufa, acha video iendelee. Simu uiweke mfuko wa ndani. Baridi inamaliza chaji.

Mama Swaumu
Mama akisita, kuna Portage Lake kabla ya handaki: ziwa, safari ya saa moja tu. Kituo cha wageni kilipofunguliwa 1986 barafu ilionekana kutoka pale ndani. Imerudi nyuma hadi ikajificha nyuma ya kona, ndiyo maana inahitajika boti. Halafu, kama mnatokea majimbo mengine ya Marekani, nendeni Anchorage kwa ndege, mama akiwa na pasipoti mkononi. Mkipita kwa gari mnaingia Kanada, na huko atahitaji viza nyingine.