Majirani wa Isanga, Mbeya: vishina vya vitunguu majani

Mama Atu: Za jioni majirani. Hiyo glasi kwenye picha niliyotuma iko dirishani kwangu. Ni vile vitunguu majani nilivyonunua sokoni Mwanjelwa. Vishina vyenye mizizi sikutupa, na sasa majani mapya yameshapita mdomo wa glasi.

Mama Glory: Jamani! Umeweka mbolea gani?

Mama Atu: Maji tu dada. Unapokata acha sehemu nyeupe kama sentimita 4, kisimamishe, maji yafunike mizizi basi. Ukizamisha kishina chote kinaoza. Na maji ubadilishe kila siku.

Baba Lusajo: Na baridi hii ya Julai?

Mama Atu: Vinaota, ila taratibu.

Babu Bwana Shamba: Nawasalimu wote.

Mama Glory: Shikamoo babu

Baba Lusajo: Shikamoo mzee.

Babu Bwana Shamba: Marahaba wanangu. Mama Atu, ukishavuna mara 2 hamishia kwenye udongo. Maji matupu hayana chakula, kitunguu kinaishi kwa akiba yake na majani yatazidi kuwa membamba. Ndoo iliyopasuka inatosha, weka na samadi iliyooza vizuri.

Mama Glory: Babu, na karoti? Nimeona video, kichwa cha karoti kwenye sahani ya maji eti kinaota karoti nyingine.

Babu Bwana Shamba: Majani utapata, karoti hupati. Ile tunayokula ndiyo mzizi wenyewe, ukishakatwa haurudi. Ukikizika kichwa kitatoa maua, halafu mbegu. Bora kabichi: ukivuna using'oe, acha kisiki ardhini, kitachipua vikabichi vidogo pembeni.

Mama Atu: Tangawizi je?

Babu Bwana Shamba: Inataka joto. Huku mjini tuko kama mita 1,700, kwa sasa italala tu au ioze. Kyela inakubali vizuri. Ninyi pandeni kitunguu swaumu, hicho baridi ndiyo yake. Punje moja moja, ncha juu.

Baba Lusajo: Mimi nina nusu sado ya viazi mviringo vimechipua. Jumamosi navifukia pale nyuma, pembeni ya nyanya za mama Lusajo.

Babu Bwana Shamba: Baba Lusajo, hapo nakuomba usivipande. Kiazi cha sokoni kinaweza kuwa na mnyauko bakteria na usione alama yoyote kwa nje. Ukikifukia, ugonjwa unabaki kwenye udongo, na viazi, nyanya, pilipili na biringanya ni ukoo mmoja, vyote vinashikwa. Mmea unanyauka mchana ukiwa bado wa kijani kabisa, mtu anadhani ni kiu, anamwagilia, na maji yanayotiririka yanaupeleka kwa jirani wa chini. Hakuna dawa ya kupuliza ikauponya. Bustani zetu za mteremkoni zimefuatana, kwa hiyo hili ni la wote. Mkiona mmea umenyauka hivyo, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishikilie kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Dakika chache tu, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka pale ulipokata, ndiyo wenyewe. Mbegu ya viazi tafuteni iliyothibitishwa, pale TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wataalamu wa viazi wapo, ulizeni.

Baba Lusajo: Nimekuelewa mzee. Ndaga fijo, asante sana. Sasa hivi viazi nivitupe?

Babu Bwana Shamba: Vigumu visivyo na ukijani, toa machipukizi, menya, pika. Vya kijani na vilivyosinyaa msile. Na maganda msiyamwage bustanini.

Mama Lusajo: Asante sana babu, nyanya zangu zimepona 🙏🏾

Mama Glory: Mwenye mnanaa jamani?

Mama Atu: Ninao. Kijiti kimoja ukikiweka kwenye maji kinatoa mizizi, toa tu majani ya chini. Mchaichai pia upo, huo unang'olewa na kishina chake. Mtume Glory kesho akitoka shule.

Mama Glory: Aje na nini?

Mama Atu: Kopo lenye maji kidogo. Na mfuko, nimpe na udongo wa samadi.